Sauti za Wafungwa katika Sahani ya Muziki

Iko sahani moja ya santuri ambayo watu wa nchi nyingi wameipenda tangu ilipotoka. Hawaipendi kwa ajili ya mwimbaji peke yake. Wanaipenda pia kwa ajili ya wale waliomsikiliza siku ile, nao walikuwa wafungwa.

Mwimbaji ni B.B. King. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 katika jimbo la Mississippi, huko Marekani, nchi ya mashamba makubwa ya pamba. Watu weusi wa huko walikuwa watumwa mpaka mwaka 1865. Utumwa ulikwisha, lakini umaskini na dharau havikwisha. Katika taabu hiyo ulizaliwa muziki uitwao bluzi: mtu hushika gitare yake, akaimba masumbuko yake, na mara nyingine akajicheka mwenyewe. King alifiwa na mama yake angali mtoto. Alichuma pamba, na mafundisho ya kwanza ya gitare aliyapata kwa mchungaji mmoja wa jamaa yake.

Tarehe 10 Septemba 1970 aliingia katika gereza la Cook County, mjini Chicago. Aliyemwalika ni mkuu wa gereza, Winston Moore, naye pia mtu mweusi. Wafungwa zaidi ya 2,000 walikusanyika, wengi wao vijana weusi. Katika gereza lile wengi walikuwa hawajahukumiwa bado. Walikuwa wakingojea siku ya hukumu, na maskini hawakuwa na feza ya dhamana.

Vyombo vya kunasa sauti viliwekwa tayari. Mwanzoni wakubwa wanatajwa kwa heshima, yaani mkuu wa polisi wa wilaya na hakimu mkuu. Papo hapo wafungwa wanawazomea! Watengenezaji wa sahani wangeweza kuiondoa sauti hiyo, lakini waliiacha, na mpaka leo inasikika. Halafu King anaanza kupiga gitare. Anaimba, anasimulia mambo ya nyumbani, nao wanacheka na kumwitikia, kama vile sisi tunavyoitikia litania. Waliozomea ndio hao hao wanaoshangilia.

Sahani ilitoka mwaka 1971, ikafika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi ya gazeti la Billboard. Wapenzi wa bluzi hubishana juu yake. Wengine husema kwamba sahani yake nyingine, iliyonaswa mwaka 1964 katika Regal Theater, mjini Chicago pia, inaishinda kwa ufundi. Labda wanasema kweli. Lakini watu wa Regal walitoka wakarudi kwao. Wale wa gerezani, wimbo wa mwisho ulipokwisha, walirudishwa vyumbani na milango ikafungwa. Anayesikiliza anajua jambo hilo, na moyo wake unaguswa.

King hakuwasahau. Miaka iliyofuata aliingia katika magereza mengine mengi kuwaimbia wafungwa. Hata kwetu Kongo alifika: mwezi wa Septemba 1974 aliimba Kinshasa, katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, kwa ukumbusho wa Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut. Mwaka 1997, huko Vatikano, alimtolea Papa Yohane Paulo II gitare yake kuwa zawadi. Alikufa tarehe 14 Mei 2015.

Mkristu mwingine atauliza: nyimbo hizi za dunia zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Bwana wetu Yezu Kristu aliwahesabu wafungwa pamoja na wenye njaa na wagonjwa, akasema kwamba anayewatembelea anamtembelea Yeye. Hakuagiza tuulize kwanza kama wana kosa ao hawana. Sisi wakatekista tunafundisha neno hilo kila mwaka, lakini ni wangapi kati yetu wamevuka mlango wa gereza? Na tukiingia, mara nyingi tunahubiri, tunagawa sabuni na unga, tunatoka upesi.

Sahani hii inatuonyesha kitu kingine. Wafungwa wale walipewa nafasi ya kutoa sauti yao, ya hasira na ya furaha, na mtu hakuwanyamazisha. Jumapili ijayo, wewe uliye na ndugu kifungoni, mpelekee chakula. Kisha keti karibu naye, umwache aseme.