Nani Mwenye Nyumba? Gothiki ya Kibera na Kawangware

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayesoma makala haya huku diwani i mkononi, naomba tuanze na swali linalozuka mara nyingi katika warsha zetu: je, fasihi ya Kiswahili ina gothiki? Wapo wanaojibu harakaharaka kuwa haina, kwa sababu hatuna makasri ya mawe, theluji wala makaburi ya makabaila. Nionavyo mimi, wanaojibu hivyo wamechukua mandhari wakadhani ndiyo utanzu wenyewe.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha The Castle of Otranto, riwaya ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hii. Mna kofia kubwa ya chuma inayomponda kijana siku ya harusi yake, na picha inayotoka ukutani ikatembea. Ukiviondoa vioja hivyo, kinachobaki ni kesi ya urithi. Babu wa mtawala alimuua mwenye kasri akajitwalia mali, na wafu hawatulii mpaka mwenye haki apatikane. Kiini cha gothiki, basi, si jini bali ni nyumba inayokaliwa isivyo haki.

Sasa njoo Kibera. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, yaani askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao, walianza kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Wanubi walizaa hapo na kuzika hapo, lakini hati hawakupewa. Ilipofika 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hatimiliki, nayo ilikuwa ya ekari 288. Walpole angeipata riwaya nzima katika tofauti ya tarakimu hizo mbili.

Hofu ya Nairobi ilikuwa na visa vyake kabla ya kuandikwa vitabuni. Enzi za ukoloni, wakazi wa Pumwani na River Road walisimuliana habari za wazimamoto waliokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Pwani walijulikana kama mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika Speaking with Vampires (2000), naye hakuzidharau kama porojo. Mkoloni alikuwa na magari, sare, sindano na amri ya kuingia nyumbani mwa mtu bila kubisha. Mswahili wa Pumwani alilieleza hilo kwa lugha ya damu. Tamthilia za redio na filamu za Kinigeria zilizojaa katika runinga zetu miaka ya 2000 zilikuta shamba limekwisha kulimwa.

Katika riwaya andishi, Muhammed Said Abdulla alitangulia na Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Watu wanadhani mzimu umeua; Bwana Msa anathibitisha kuwa muuaji ni binadamu. Hapa mtunzi anafanana na Ann Radcliffe wa Uingereza, ambaye vitisho vyake vingi hatimaye hupata maelezo ya kawaida. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anageuza njia hiyo. Mfu anarudi kweli, anamshika mkono mjukuu wake K, kiongozi aliyenona, na kumlazimisha kuona aliyoyatenda. Hakuna mpelelezi wa kutuondolea wasiwasi. Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu uhalisiajabu, usiishie kuutaja tu. Eleza mfu huyo anadai nini.

Filamu nayo haikukawia. Soul Boy (2010), iliyoelekezwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora, ilipigwa Kibera penyewe. Mjerumani Tom Tykwer alikuwa nyuma ya mradi huo. Kijana Abila, mwenye miaka 14, anamkuta baba yake amelegea, akidai ameibiwa roho. Mwizi ni Nyawawa. Katika imani za Waluo, nyawawa ni pepo wa ziwani ambao hufukuzwa kwa kugonga sufuria na mabati. Abila anapewa mitihani saba, na anayemsaidia ni Shiku, msichana wa Kikuyu. Filamu hiyo ilipigwa muda mfupi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na mtazamaji wa Kibera hakuhitaji kuelezwa uzito wa urafiki huo.

Lakini mfano uliokomaa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoipa jina diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016). Jitu linaingia mkahawani Madongoporomoka, linakula chakula chote na kuahidi kurudi. Kisha yanakuja matingatinga. Nimewasikia walimu wakilifundisha jitu hilo kama ishara ya ulafi, wakapita. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya kazi. Tazama taharuki: mbona watu wanasimama wakitazama tu? Mbona hakuna anayeliuliza limetoka wapi? Jitu linatisha kwa sababu linaagiza kwa adabu, kama mteja. Mnamo Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao. Hadithi ilikuwa imetangulia kwa miaka miwili.

Nimalizie na Kawangware, ng'ambo tu ya Lavington, nilikowahi kusahihisha insha za kidato cha tatu. Swali lilitaka kisa cha kutisha. Nilitarajia majini wenye kwato, na kweli walijaa tele. Msichana mmoja aliandika kuhusu mlango. Kodi ilikuwa imechelewa, mwenye nyumba akaja mchana akaung'oa mlango wa bati na kuondoka nao, bila matusi. Usiku mama akatundika leso pale mlangoni. Insha iliyobaki ilikuwa ni watoto wakiitazama leso ikivuta ndani na kurudi nje, kama kifua cha mtu aliyelala. Hakuna aliyeingia mpaka kukacha.

Nilimpa alama 16 kati ya 20. Mwenzangu aliyepitia kazi yangu alizipunguza zikawa 10, akaandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Kisa hakitishi. Hakuna tukio." Tulibishana hadi kengele ikalia.