Fidia kwa Majeruhi wa Safari za Mlima Kilimanjaro

Fidia kwa majeruhi wa safari za Mlima Kilimanjaro ni malipo anayostahili kisheria mtu aliyeumia, au wategemezi wa mtu aliyefariki, wakati wa kupanda au kushuka mlima huo wenye kimo cha mita 5,895. Madai ya fidia hiyo hufuata njia mbili tofauti, hata pale majeruhi wawili walipopigwa na jiwe moja. Mgeni aliyelipia safari hudai kwa msingi wa mkataba au uzembe, hivyo hulazimika kuthibitisha kosa la yule anayemdai, ilhali mpagazi, mpishi au mwongoza watalii aliyemhudumia hudai kama mfanyakazi na hahitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Kwa maandishi ya sheria, mpagazi ndiye aliyewekewa njia iliyo fupi zaidi, lakini njia hiyo hupitika kwa urahisi pale tu ajira yake ilipoandikwa.

Vyanzo vya madhara

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, inayojulikana kwa kifupi kama KINAPA, ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, nayo husimamia njia za Marangu, Machame, Umbwe, Lemosho na Rongai pamoja na njia ya kushukia ya Mweka. Madhara makubwa katika njia hizo hutokana na ugonjwa wa mwinuko, yaani hali inayompata mtu anapopanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea upungufu wa oksijeni. Ugonjwa huo huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, na ukipuuzwa unaweza kusababisha maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, hali mbili zinazoua upesi na ambazo tiba yake ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa bila kuchelewa. Madhara mengine ni kuteguka na kuvunjika viungo, kupungua kwa joto la mwili kwa sababu ya mvua na baridi, na kuporomokewa na mawe. Januari 2006, watalii watatu kutoka Marekani waliuawa na maporomoko ya mawe katika njia ya Western Breach, karibu na barafu ya Arrow, na katika tukio hilohilo wapagazi kadhaa walijeruhiwa. Njia hiyo ilifungwa kwa muda baada ya hapo.

Majeruhi huteremshwa kwa machela na vikosi vya uokoaji, au kwa helikopta pale hali ya hewa inaporuhusu, na kupelekwa katika hospitali zilizo chini ya mlima. Miongoni mwake ni Huruma iliyoko Mkuu, Rombo, kwa upande wa njia ya Rongai, na Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo hupokea majeraha makubwa ya ukanda wote wa kaskazini.

Madai ya mgeni

Mgeni anapolipia safari huingia mkataba na kampuni ya utalii, na kampuni hiyo hubeba wajibu wa uangalifu, yaani wajibu wa kuchukua hatua ambazo mtu makini wa kazi hiyo angezichukua ili kumkinga mwenzake na madhara yanayoweza kutabirika. Kanuni hiyo ilitoka katika sheria ya mapokeo ya Uingereza, iliyopokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na ikapata sura yake ya sasa katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson la mwaka 1932. Ili ashinde, mdai huthibitisha mambo matatu: kwamba wajibu ulikuwepo, kwamba ulikiukwa, na kwamba ukiukwaji huo ndio uliomletea madhara. Kwa hiyo mtu kuugua tu mlimani si msingi wa kudai. Lakini mwongozaji aliyeona dalili za wazi za ubongo kuvimba na bado akamhimiza mgeni aendelee kupanda, au kampuni iliyoratibu siku chache mno za kuzoea mwinuko bila kumweleza mgeni hatari zake, inaweza kujikuta ikijibu mahakamani.

Makampuni mengi humtaka mgeni kutia saini hati ya kuachilia madai kabla ya safari. Hati hiyo haizuii shauri kufunguliwa, kwani katika mapokeo ya sheria hiyo mahakama husoma masharti ya namna hiyo kwa ufinyu, na utata wowote wa maneno hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika.

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 na madai ya mkataba ndani ya miaka 6. Mgeni akifariki, mwenzi, watoto na wazazi wake wanaweza kudai hasara iliyowapata kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo, Sura ya 310. Iwapo anayelaumiwa ni mamlaka ya umma, mdai hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, ambayo marekebisho ya mwaka 2020 yaliipanua hadi kwenye mashirika na wakala wa serikali na kutaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika shauri.

Hata hivyo, si lazima shauri la mgeni lisikilizwe Moshi. Aliyenunua safari nzima kwa wakala wa Uingereza analindwa na kanuni za mwaka 2018 kuhusu safari za kifurushi, yaani safari zinazouzwa kwa bei moja zikiwa na usafiri, malazi na huduma nyingine. Kanuni hizo humfanya mwandaaji wa kifurushi kuwajibika kwa huduma zake zote, hata zile zilizotolewa na kampuni ndogo ya Tanzania, na nchi za Umoja wa Ulaya zina masharti yanayofanana nazo.

Ulinganisho na abiria wa meli

Hali ya mpanda mlima hueleweka vyema zaidi ikilinganishwa na ya abiria wa meli za kitalii, ambao wana mkataba wao wa kimataifa. Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, pamoja na Itifaki yake ya 2002 iliyoanza kutumika mwaka 2014, humwajibisha msafirishaji bila kuhitaji uthibitisho wa kosa pale abiria anapoumia kwa sababu ya chombo kuzama, kupinduka, kugongana, kukwama, kulipuka au kuwaka moto. Wajibu huo hufikia vipimo 250,000 vya haki maalumu za kutoa fedha, ambazo ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na madai hufunguliwa ndani ya miaka 2. Aliyeteleza tu sitahani bado hulazimika kuthibitisha uzembe, kama mgeni wa Kilimanjaro. Nchini Marekani, abiria aliyeumia hufungwa pia na masharti ya tiketi, kwa kuwa katika shauri la Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute la mwaka 1991, Mahakama ya Juu ilikubali sharti lililolazimisha mashauri yote yafunguliwe Florida, ingawa mdai aliishi jimbo la Washington. Safari za milimani hazina mkataba wa kimataifa wa aina hiyo, na ndiyo maana bima ya safari inayotaja wazi kimo cha kupanda na gharama za uokoaji ni kinga ya kwanza ya mgeni.

Madai ya mpagazi

Mpagazi hubeba mahema, chakula, majiko na mizigo ya wageni hadi kambi za juu kama Barafu na Kibo, na mzigo wake hupimwa kwenye mizani langoni ili usizidi kikomo cha kilo 20. Anapoumia kazini, haki yake hutokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa umma au binafsi, hutakiwa kujisajili na kuchangia mfuko huo, na mchango wa sekta binafsi, ulioanza ukiwa asilimia 1 ya mishahara, umeshushwa hadi asilimia 0.5. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Taarifa ya ajali hutakiwa kutolewa mapema, kwani madai yaliyocheleweshwa huweza kupoteza haki.

Kikwazo kikubwa ni kuthibitisha ajira. Wapagazi wengi huchukuliwa langoni kwa safari moja, bila mkataba wa maandishi, na mara nyingi huitwa watu wanaojitegemea. Sheria, hata hivyo, haimwachi mtu huyo bila msaada. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo mojawapo ya mambo yaliyotajwa lipo, kwa mfano utendaji wake kuwa chini ya maelekezo ya mwingine au yeye kupewa vifaa vya kazi na mwingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mwajiri akishindwa kuyatoa katika shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Kwa sababu hiyo, ushahidi wa kawaida kabisa una uzito mkubwa: orodha ya majina iliyosajiliwa langoni, ujumbe wa malipo ya simu, maelezo ya wapagazi wenzake na fomu ya hospitali inayotaja mahali na saa ya ajali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumwelekeza asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Tathmini

Pengo la fidia Kilimanjaro linatokana zaidi na ukosefu wa kumbukumbu za maandishi kuliko upungufu wa vifungu vya sheria. Mgeni huondoka na mkataba, risiti na hati ya bima, ilhali aliyembebea mzigo huweza kurudi Marangu au Machame na mguu uliovunjika bila karatasi yoyote yenye jina la mwajiri wake. Jina la kila mpagazi na la kampuni iliyomchukua yakiandikwa langoni pamoja na kilo za mzigo wake, na nakala moja akapewa yeye mwenyewe kabla ya kupanda, haki ambayo sheria imemwekea tangu mwaka 2008 itaweza kumfikia nyumbani kwake.