Sehemu ya 3: Kutoka kibuyu cha mbege hadi kiroba



Sehemu ya pili tuliongelea pombe na mimba, na swali lililorudi sana ni hili: nesi, kama pombe inapita hadi kwa mtoto tumboni, kwa nini serikali isiifunge tu? Jamani, imeshafungwa mara nyingi. Tuangalie ilifungwaje.

Hapa kwetu Uchagani mbege ilikuwa kazi ya wanawake. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewa la kuleta uchungu. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Kahawa ilipoanza kuleta hela, enzi za chama cha wakulima cha 1925 na baadaye KNCU ya 1933, wanaume wakawa na fedha mfukoni na mama akawa na cha kuwauzia. Watoto wengi wa mlimani wamesomeshwa na mbege, tusijifanye hatujui.

Mkoloni alipanga pombe kwa rangi ya mtu. Mwaka 1919 mataifa yenye makoloni yalisaini mkataba kule Saint-Germain, Ufaransa, kuzuia pombe kali za bei rahisi zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika. Mzungu akaendelea na wiski yake klabuni. Mwafrika akaachiwa pombe ya kienyeji, nayo kwa kibali, kwa hiyo mama aliyepika bila kibali alikuwa na kesi.

Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1966 ya kudhibiti gongo. Ndani ya sheria hiyo gongo inaitwa "moshi", yaani sawasawa na jina la mji wetu! Mwaka 1968 ikafuata Sheria ya Vileo, yenye leseni na saa za kufungua na kufunga. Sheria hiyo ilifikiria baa: ina mlango, ina mwenyewe, polisi anajua pa kwenda.

Kiroba hakikuwa na mlango. Kipakiti cha plastiki chenye pombe kali, kidogo cha kuingia kwenye soksi, bei ya hela ya kula ya mwanafunzi. Kilining'inia duka la Mangi (jina la machifu wetu limeishia kaunta, sijui mababu wanasemaje) pembeni ya pipi na sabuni. Kilikuwa stendi, kwa bodaboda, sokoni. Hakuna aliyehitaji kwenda baa tena, baa ilimfuata mtu.

Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa Mirerani alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi viroba ni marufuku. Takriban wiki mbili tu. Mimi naona katazo lilikuwa sahihi kabisa, ila muda ulikuwa mfupi mno. Fikiria mama mwenye kiduka Kiboriloni aliyekopa kwenye vikoba akanunua katoni za viroba. Deni linabaki, mzigo hauuziki, na ada ya mtoto ilikuwa humo humo.

Halafu kuna jambo wengi hawakuliona. Kanuni zilitoka Ofisi ya Makamu wa Rais, chini ya waziri January Makamba, kwa kutumia Sheria ya Mazingira ya 2004. Kilichopigwa marufuku ni ule mfuko wa plastiki. Pombe yenyewe iliruhusiwa, ikahamia kwenye chupa. Bei ilipanda na mwanafunzi akaikosa kirahisi, hilo ni jema sana. Lakini vichupa vidogo bado viko rafu ile ile, karibu na maziwa ya mtoto wako. Uganda nao walifuta vipakiti 2019. Kenya, hapo tu ng'ambo ya Holili, sheria yao ya 2010 ilibana hadi saa za baa.

Sheria inayotuhusu sisi wazazi moja kwa moja ni ya Mtoto, ya 2009. Kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa. Kwa hiyo unapomtuma mtoto wa darasa la pili, "kamletee baba bia mbili", unamweka muuzaji kwenye kosa, na mtoto anazoea kaunta. Mangi akikataa kumuuzia, usimgombeze. Amefanya vizuri.

Na mbege ya mzazi? Bibi atakwambia inaleta maziwa. Mheshimu bibi, ila kileo kinapunguza kutoka kwa maziwa, na kingine kinaenda kwa mtoto. Mwombe akupikie uji wa ulezi na mtori, hivyo navyo ni vyake na anavijua kuliko sisi.

Sehemu ya 4, Ijumaa: gongo, na kwa nini kuna mtu anakunywa jioni anaamka haoni.