Uhuru: Neno Moja, Ahadi Mbili



Kila tarehe 1 Julai sisi Warundi huadhimisha siku ya uhuru. Kwa Kirundi twaiita siku ya ukwikukira. Hatuiiti siku ya umwidegemvyo. Kiingereza nacho kina maneno mawili, independence na freedom. Kiswahili tunachojifunza hapa Nyakabiga hubebesha neno uhuru maana zote mbili. Anayetafsiri bila kulipima neno hilo aweza kuipotosha historia.

Tuanze na freedom. Ni neno la kale, na tangu zamani lilitaja hali ya mtu asiye mtumwa. Baadaye likapanuka: kutofungwa gerezani, haki ya kusema, hata kusalimika na dhiki. Tarehe 6 Januari 1941, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alilitumia mara nne mbele ya Bunge la nchi yake: uhuru wa kusema, uhuru wa kuabudu, kuepukana na ufukara na kuepukana na hofu. Zingatia, mwanafunzi, kwamba mbili za mwisho hazikubali kiunganishi kile kile. Ukiandika "uhuru wa hofu", utakuwa umeipa hofu yenyewe uhuru.

Independence lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuning'inia. Hutaja asiyening'inia kwa mwingine. Nchi inayojitawala, kijana anayejitegemea na hakimu asiyeamrishwa, wote husifiwa kwa neno hilo. Kiswahili husema uhuru wa nchi, kujitegemea, na uhuru wa mahakama.

Uhuru lenyewe latokana na Kiarabu, na msingi wake ni mtu asiye mtumwa. Amri ya mwaka 1897 ilipoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Zanzibar, mtumwa ilimbidi aende kuudai uhuru wake kwa wenye mamlaka. Uhuru huo ulikuwa wa mtu mmoja, kwa jina lake. Katika miaka ya 1950, chama cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954, kililinyanyua neno hilo hilo likawa dai la umma mzima, na Tanganyika ikajitawala tarehe 9 Desemba 1961.

Kwetu, UPRONA ya Mwanamfalme Louis Rwagasore ilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo, katika mji huu ulioitwa Usumbura. Hakuiona tarehe 1 Julai 1962. Miaka kumi baada ya siku hiyo, mauaji ya mwaka 1972 yaliwafukuza Warundi wengi mno hadi nchi jirani. Wengine waliishi kwa miongo kadhaa Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Bendera ilikuwa yetu na nchi ilikuwa na independence. Lakini mzazi aliyevuka mpaka na wanawe alikuwa na freedom gani? Ukiandika kwamba mwaka huo Burundi ilikuwa nchi huru, umesema kweli, lakini umesema nusu.

Oginga Odinga wa Kenya aliitambua nusu iliyobaki. Nchi yake ilijitawala tarehe 12 Desemba 1963, naye akawa Makamu wa Rais, kisha akajiuzulu mwaka 1966. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kwa Kiingereza, akakiita Not Yet Uhuru, yaani uhuru bado. Asingeweza kusema independence bado, kwa kuwa hiyo ilikwisha kupatikana. Alilihitaji neno la Kiswahili kwa sababu ahadi yake ni pana zaidi.

Basi, usilione neno uhuru kuwa pungufu kwa kubeba maana mbili. Linatukumbusha kwamba waliolipigania walitaka nchi na mtu wawe huru pamoja. Kila ukutanapo nalo, uliza: ni uhuru wa nani? Ni wa kufanya nini? Na umemwepusha na nini? Kisha andika sentensi tatu kuhusu tarehe 1 Julai, kila moja ikijibu swali moja. Ukiona moja ni ngumu kuijaza, hapo ndipo somo la uraia linapoanzia.