TAMBI CHINI YA BONETI: Mipira ya Vakyumu Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Mafundi Waliishikia Kisu

Fungua boneti ya gari la kabureta la mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Japani, utakutana na kitu kama sahani ya tambi. Mipira myembamba myeusi kila kona: mmoja unaingia kwenye kabureta, mwingine unapotelea nyuma ya injini, mwingine umeishia kwenye kidude cha plastiki ambacho hata fundi anakikodolea macho.

Swali linakuja lenyewe. Hivi yote hii ya nini? Na ikitolewa, gari linakufa?

Jibu lake lina historia ndefu. Ndani yake yumo mkemia aliyekuwa anachunguza mananasi, gavana aliyetokea kwenye filamu na mafundi wa uani waliochoka kutafuta mpira uliopasuka.

MWANZO MAMBO YALIKUWA MEPESI

Injini ya petroli inavuta hewa kama mtu anavyovuta juisi kwa mrija. Ukiwa hujakanyaga mafuta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa kwenye kabureta kinakuwa karibu kimefungwa. Pistoni zinavuta, hewa haitoshi, na hapo ndipo vakyumu inapozaliwa. Kwa usawa wa bahari, injini nzima ikiwa inaunguruma tu hutoa vakyumu ya inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, inashuka karibu na sifuri.

Wahandisi wa zamani waliiona hiyo kama nguvu ya bure. Kuna magari mengi yaliyoendesha waipa kwa vakyumu, na vituko vyake havikuwa vidogo: ukipanda mlima mvua inanyesha, umekanyaga mafuta, waipa zinapunguza mwendo au zinasimama pale pale unapozihitaji. Baadaye vakyumu ikapewa kazi ya kuwahisha cheche kwenye distribyuta ili gari lile mafuta kidogo, na ya kusaidia mguu kwenye breki.

Kwa hiyo mipira ilikuwepo, ila ya kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

MOSHI WA LOS ANGELES WABADILI KILA KITU

Julai 1943 Los Angeles ilifunikwa na ukungu mzito wa moshi. Macho yanawaka, watu wanakohoa, na kuona mbele ilikuwa ni mitaa mitatu tu. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imepamba moto, na wapo waliodhani adui amewapiga kwa gesi.

Miaka ilipita bila jibu la uhakika. Ndipo akajitokeza mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuchunguza kinachofanya nanasi linukie vile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksaidi za nitrojeni, vikipigwa na jua, vinazaa ule ukungu unaochoma macho. Kumbe adui alikuwa ameegeshwa nje ya nyumba zao wenyewe.

Mwaka 1961 California ikaagiza magari mapya yawekewe vali ya kurudisha mvuke wa oili ndani ya injini ukaungue tena, badala ya kuumwaga barabarani. Mwaka 1967 gavana wa jimbo hilo, mwigizaji wa zamani wa filamu aliyekuja kuwa rais wa nchi, akasaini sheria iliyounda bodi ya kusimamia hewa. Mwenyekiti wake wa kwanza? Yule yule mkemia wa mananasi.

Kisha tarehe 31 Desemba 1970 rais wa Marekani wa wakati huo akasaini sheria ya hewa safi ya nchi nzima. Watengenezaji walitakiwa kupunguza gesi chafu kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Japani nayo ikakaza: kiwango chake cha mwaka 1978 kiliruhusu gramu 0.25 tu za oksaidi za nitrojeni kwa kilomita.

KOMPYUTA YA MIPIRA

Hapo wahandisi wakabanwa. Kompyuta ndogo na rahisi ya kuweka kwenye gari la kawaida ilikuwa bado. Walichokuwa nacho mkononi ni vakyumu.

Wakaitumia kama ubongo. Vali moja inarudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili moto usizidi joto linalozalisha oksaidi za nitrojeni, yaani kama nyuzi 1,370 hivi. Lakini vali hiyo ikifunguka injini ikiwa baridi, gari linakohoa na kuzima. Basi ikaongezwa vali nyingine inayohisi joto la maji. Halafu kopo la mkaa la kunasa mvuke wa tangi la mafuta, nalo likataka mpira wake. Vikaja na vidude vya kuchelewesha vakyumu kwa sekunde kadhaa, vingine vikiwa na rangi tofauti ili fundi asichanganye.

Kila mpira ulikuwa sentensi: "kama injini imepata moto, na kama dereva amekanyaga kidogo, basi fungua." Ndo maana kampuni zikabandika mchoro wa mipira chini ya boneti. Honda walifika mahali pa kuipa mipira yao namba.

Tatizo ni kwamba mpira unazeeka. Joto linaukausha, unapasuka, hewa ya wizi inaingia. Gari linapanda mzunguko lenyewe, linakosa nguvu, linamisi. Na ufa wa milimita chache ndani ya sahani ile ya tambi, kuupata si mchezo.

KISU KIKATOKA

Hapo ndipo mafundi wa uani wa Marekani walipoamua kurahisisha. Wengine walichomoa mipira na kuziba matundu kwa skrubu. Wengine walitupa kabureta yote ya kiwandani na kufunga Weber 32/36, ya Kiitaliano, yenye mipira michache mno. Toyota za injini ya 22R zilikuwa maarufu kwa upasuaji huo.

Sheria haikukaa kimya. Mwaka 1977 gereji zilikatazwa kung'oa vifaa hivyo, na mwaka 1990 katazo likamfikia hata mwenye gari mwenyewe. California hadi leo inasamehe kipimo cha moshi kwa magari ya petroli ya mwaka 1975 kurudi nyuma.

Waliokata kwa akili walijua ipi haiguswi. Mpira wa busta ya breki ukiuziba, breki inakuwa ngumu kama jiwe. Vali ya mvuke wa oili ukiifunga, presha inajaa chini na oili inaanza kutokea kwenye sili. Mpira wa distribyuta ukiutupa, gari linakunywa mafuta. Na ile vali ya kurudisha moshi, iliyochukiwa kuliko zote, ilikuwa pia inapooza moto. Injini iliyopangiwa kufanya kazi nayo ikinyang'anywa, inaweza kugonga ikipanda mlima na mzigo.

NA HUKU KWETU?

Magari mengi ya kabureta yaliyoingia Afrika Mashariki yakiwa mapya yalitengenezwa kwa masoko yasiyo na sheria kali za moshi. Mipira ilikuwa michache, na fundi akazoea hivyo. Tambi zilikuja na magari yaliyotumika kutoka Japani. Fundi akiona mpira asioujua, wazo la kwanza: ziba.

Ila kuna jambo hata fundi mzuri husahau. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo gari lenye vakyumu ya inchi 20 Mombasa litasoma kama 14 au 15 Nairobi, na halina ugonjwa wowote. Anayetazama geji bila kukumbuka mlima atakata mpira usio na kosa.

MWISHO WA TAMBI

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sindano za mafuta na kompyuta zikamaliza zama hizo kwenye magari mapya. Kazi ya mipira ikahamia kwenye nyaya na sensa. Hewa ya Los Angeles leo ni safi kuliko ya enzi za yule mkemia, ingawa magari yameongezeka sana.

Kwa hiyo ile sahani ya tambi haikuwa ujinga wa wahandisi. Ilikuwa watu kujaribu kufikiri kwa kutumia hewa tupu, ili watoto wa mjini wapumue. Anayetaka kuipunguza leo aanze na mchoro, afuate mpira mmoja mmoja mpaka mwisho wake, ajue ulikuwa unasema nini, halafu ndo aulizie kisu.

Je, gari la mzee nyumbani lilikuwa na mipira mingapi, na fundi aliziba mingapi? Tiririka hapo chini.