Nyumba, Vyumba na Vichwa: Hesabu ya Watu Kandoni mwa Mnazi Mmoja

Mtu atokaye Uhindini kwenda Kariakoo hana budi kuuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja, na huenda asitambue kwamba wasaa ule, ulio katikati ya mji wa Dar es Salaam ambao kila shubiri ya ardhi yake imegombewa, haukubaki hivi hivi. Mwaka 1891 Wajerumani walitunga sheria ya majenzi iliyougawa mji kwa namna ya nyumba, na Waingereza, walioutwaa mwezi wa Septemba 1916, wakaukaza mgawanyo huo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma yao, na baina ya hao wawili wa mwisho pakaachwa ardhi tupu kwa hoja ya kuzuia maradhi yasienee. Uwanja huo mimi nauhesabu kuwa ndio taarifa ya kwanza juu ya hali ya wakazi wa hapa, ijapokuwa haikuandikwa kwa tarakimu.

Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo, iliyopata jina kwa Carrier Corps, yaani wapagazi wa jeshi la Kiingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa ilipimwa kwa kamba ikanyooka, na kila kiwanja kikajengwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na nyuma uani penye jiko, choo cha shimo na kijibanda cha kuogea, kuta za fito na udongo, juu makuti au madebe yaliyokunjuliwa, mpaka mwenye uwezo alipoezeka mabati. Katika daftari la serikali nyumba hiyo ilikuwa kiwanja kimoja, mwenyewe mmoja, na stakabadhi moja ya kodi. Lakini aliyeingia ukumbini saa ya magharibi aliona milango sita, na kila mlango una seredani yake inayopepewa, na debe lake la maji lililochotwa bombani. Hapa kuli wa bandarini na mkewe, pale seremala wa Kirufiji na mdogo wake, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, amejibakizia chumba kimoja ili vitano vimlishe. Nyumba ilikuwa ya karani wa kodi. Maisha yalikuwa ya chumba.

Mwaka 1931 afisa mmoja wa utawala, E. C. Baker, aliandika waraka juu ya hali ya jamii katika mji huu, nao unyonge wa wakazi ukawa bayana kwa kila aliyetaka kuusoma. Ikaja vita ya pili, bei ikapanda, mshahara ukabaki nyuma, na Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari wakagoma, mgomo ukasambaa hata nje ya mji. Katika hesabu ya mwaka 1948 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika 70,000. Katika ile ya mwaka 1957 walikuwa 128,742. Idadi ilikaribia kuwa maradufu kwa miaka tisa tu, ilhali ukumbi ulikuwa ule ule wenye milango sita, na aliyekipanga chumba akiwa peke yake akajikuta anatandika mkeka wa pili kwa ajili ya ndugu aliyewasili kutoka shamba.

Miaka hiyo hiyo, 1956 na 1957, J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi juu ya wakazi wa mji huu, uliotoka kuwa kitabu mwaka 1963. Yeye na wasaidizi wake waliuliza kabila, kazi, kodi ya chumba na muda aliokaa mtu mjini, wakawakuta Wazaramo kuwa wengi kupita kabila lolote. Ijapokuwa alitazama kwa jicho la serikali iliyomtuma, insafu yataka tukiri kwamba alivuka baraza, akaingia hadi chumbani, na kwa hiyo yapo maneno katika kurasa zake ambayo majedwali peke yake yasingaliweza kuyasema.

Mwezi wa Agosti 1967 taifa huru likajihesabu lenyewe kwa mara ya kwanza, na mji ukawa na watu 272,821. Katika sensa zetu karani hamwandiki mwenye nyumba peke yake. Huuliza ni nani na nani waliolala humo usiku wa kuamkia siku ya sensa, na swali hilo humfanya mpangaji, mgeni na mtoto wa jana kuwa na uzito ule ule wa mwenye kiwanja. Naliona kuwa ni swali la heshima kubwa.

Mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kariakoo ya vyumba sita imevunjwa kwa sehemu kubwa, maghorofa yamesimama mahali pake, na umati unaosongamana mchana katika Mtaa wa Kongo hurudi jioni Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, ukaandikwa huko. Maduka yakiisha kufungwa hubaki mchukuzi wa mizigo, aliyesimamisha mkokoteni wake ukutani na kutandika maboksi barazani mwa duka la mtu. Naye karani humfuata usiku ule ule na taa mkononi, kwa kuwa asiye na makao huhesabiwa pale pale alipolala, akamuuliza jina lake, umri wake, na mahali alipozaliwa.