Deni la Msomi: Historia ya Kugharimia Elimu ya Chuo Kikuu Tanzania

Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania ilianza katika miaka ya 1990, lakini deni la msomi kwa serikali ni kongwe kuliko mikopo hiyo. Tangu uhuru hakujawa na kipindi ambacho serikali ilimsomesha kijana chuo kikuu kisha ikamwacha aende zake. Kinachobadilika ni namna ya kulipa: mwanzoni msomi alilipa kwa utumishi, baadaye kwa fedha.

Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Waliofikia ngazi hiyo walikwenda Makerere nchini Uganda, na wachache zaidi ng'ambo. Julius Nyerere alipita njia zote mbili, Makerere kuanzia 1943 na Edinburgh kuanzia 1949. Idadi yao ilikuwa ndogo mno hata suala la nani alipe halikuwahi kuwa hoja ya kisiasa.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiofika 20, ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Serikali iliyokuwa na ofisi tele zilizoachwa wazi na wazungu ilihitaji wahitimu haraka, kwa hiyo iliwalipia karibu kila kitu: masomo, malazi, chakula, vitabu na posho ya kujikimu. Kwa upande wake, mwanafunzi alijifunga kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu, naye alipangiwa kituo cha kazi. Nyerere aliueleza uhusiano huo kwa mfano uliopata umaarufu. Msomi ni mtu aliyekabidhiwa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Kwa maneno mengine, elimu ile iliyoitwa ya bure ilikuwa na hati ya deni tangu siku ya kwanza, ila hati yenyewe haikuandikwa shilingi.

Mwaka 1966 serikali ililidai deni hilo waziwazi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963 kwa vijana wa kujitolea, sasa lilifanywa la lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita na vyuo. Muda wake ulikuwa miaka 2: miezi 5 kambini, na iliyosalia kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam, wengine wakiwa wamevaa majoho mekundu ya chuo, na mabango yao yalisema kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Walifikishwa Ikulu, wakasoma tamko lao mbele ya Rais na baraza lake. Kilichomuudhi zaidi Nyerere ni hoja ya mishahara. Alikubali kwamba mishahara ya vigogo ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo, kisha akawafukuza wanafunzi wapatao 400 warudi kwa wazazi wao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea vilitoka miezi michache tu baada ya mkasa huo, na si vigumu kuona kivuli chake katika vyote viwili.

Azimio la Musoma la 1974 lilikaza kamba zaidi. Kijana hakutoka tena sekondari moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Alipaswa kwanza kufanya kazi na kupata pendekezo la mwajiri wake na la chama. Masharti hayo yaliwaumiza hasa wasichana na wanafunzi wa sayansi, na baada ya miaka michache yalilegezwa kwao.

Fedha ndizo zilizouvunja mpango huo wa kale. Vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa mapato ya mazao viliikausha hazina. Mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kupunguza matumizi katika huduma za jamii kukawa sehemu ya maisha. Mlimani mabweni yalijaa na vitabu vikaadimika. Sera ya uchangiaji gharama ilitangazwa mwishoni mwa muongo huo, na kuanzia mwaka wa masomo 1992/93 ikatekelezwa hatua kwa hatua. Wazazi walianza na mambo madogo kama nauli na ada ya usajili. Chakula na malazi vikafuata. Kwa hayo ya mwisho, kuanzia 1994, serikali ilitoa mkopo.

Mkopo wa 1994 ulikuwa wa jina tu. Wizara iligawa fedha, lakini hapakuwa na chombo cha kuzidai. Kenya ilikuwa imeshapitia huko: mpango wake wa mikopo wa 1974 uliendeshwa na wizara, marejesho yakawa haba, hadi Bunge likaunda bodi maalumu, HELB, mwaka 1995. Tanzania ilichukua miaka 10 kufika hapo hapo. Sheria Namba 9 ya 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005 na kurithi madeni yote tangu 1994. Zanzibar ilianzisha bodi yake kwa sheria ya 2011.

Sheria ya 2004 ilifanya jambo jingine ambalo husahaulika: ilimfungulia mlango mwanafunzi wa chuo binafsi. Vyuo kama Mtakatifu Augustino cha Mwanza na Tumaini, vilivyozaliwa miaka ya 1990, vilipata wanafunzi ambao peke yao wasingemudu ada. Mahitaji yakapanda kwa kasi: bajeti ya mikopo ya zaidi ya shilingi bilioni 50 mwaka 2005/06 ilivuka bilioni 700 mwaka 2023/24.

Kwa kuwa fedha hazimtoshi kila mwombaji, Bodi ilibidi ipime uhitaji, na hapo ndipo magomvi yalipohamia. Wanafunzi walipangwa kwa madaraja, kuanzia wa kukopeshwa asilimia 100 hadi wa kutopata kitu. Aprili 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma wakipinga kutakiwa kuchangia asilimia 40 ya gharama, na mwaka uliofuata migomo ilifunga vyuo kadhaa vya umma. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Katika nchi ambayo kipato cha wengi hakiandikwi popote, umaskini huthibitishwa kwa karatasi. Mwombaji hupeleka fomu yake kwa serikali ya mtaa au kijiji ipigwe muhuri, kisha kwa wakili au hakimu. Yatima huambatanisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyetoka kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, huonyesha namba yake. Asiyeridhika husubiri dirisha la rufaa. Mtoto wa mkulima asiyejua taratibu anaweza kukosa palipompa mkopo mtoto wa karani mwenye nyaraka safi.

Anayepata husubiri bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha za chakula na malazi. Kiwango kilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, kikapanda hadi 7,500 mwaka 2011, baadaye 8,500, na 10,000 mwaka 2022. Fedha hutolewa kwa awamu, na mwanafunzi husaini kwanza. Bumu la siku 60 ni shilingi 600,000, na si haba wanaolipunguza kwanza kwa kutuma nyumbani. Ada, vitabu na viandikwa, utafiti na mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kwa vifungu vyake.

Urejeshaji ndio uliofufua ugomvi wa 1966. Makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mabadiliko ya sheria ya 2016 yakayafikisha asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hata kwa waliosaini mkataba wa masharti ya zamani. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo kwa kweli ilikuwa riba iliyovaa jina jingine. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 700,000 na deni la milioni 10 alikatwa 56,000 kwa mwezi chini ya kiwango cha zamani, na tozo peke yake ilikuwa 50,000. Deni lilipungua kwa shilingi 6,000. Kwa mtazamo huo asilimia 15, kwa uchungu wake wote, ilikuwa afadhali kuliko 8, maana 55,000 zilifika kwenye deni lenyewe. Kosa lilikuwa kwenye tozo, nayo ilifutwa kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan alilolitangaza Mei Mosi 2021 jijini Mwanza.

Mwajiri hutakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 kila anapomwajiri mhitimu, kisha makato huenda moja kwa moja. Kwa watumishi wa umma utaratibu huu haukwepeki kirahisi. Aliyejiajiri anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato chake au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi, lakini kumfikia ni kazi nyingine kabisa. Makubaliano ya miaka ya 1960 yalikuwa na pande mbili: serikali ilimdai msomi utumishi, nayo ikampa ajira. Mkopo wa leo umebakiza upande wa kudai tu, na mhitimu anayesubiri ajira miaka 3 au 4 hana mshahara wa kukatwa.